Mvinyo, Migebuka na Pua ya Mzee Kasiano

Nyie vijana mnaohudumia wageni kwenye hoteli mpya za Mpanda, naomba kwanza mkaitoe ile chupa ya mvinyo mwekundu mliyoiweka juu ya friji. Ndiyo, hiyo hiyo. Juzi juzi nilialikwa chakula mahali fulani, sitapataja, nikaletewa mvinyo wenye joto la uji wa mgonjwa. Kijana aliyeuleta akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Mama, mwekundu unanywewa kwa joto la chumba." Nikamuuliza, chumba cha nani? Aliyeandika maneno hayo alikuwa anaishi kwenye nchi ambayo vyumba vyake ni vya baridi. Chumba cha Mpanda mwezi wa kumi kinaivisha ndizi.

Sikumcheka sana, maana kosa hilo nililifanya mimi kabla hajazaliwa. Aliyenirekebisha alikuwa Mzee Kasiano. Alichukua gunia, akalilowesha, akaizungushia chupa, akaiweka kivulini kwenye upepo wa mlangoni, akaniambia niende nikamenye vitunguu. Nilipomaliza vitunguu, mvinyo ulikuwa tayari. Nyie mna friji, basi muuweke humo kwa muda wa kumenya vitunguu, muutoe. Mweupe ndio ukae zaidi, lakini nao usigandishwe, kwa sababu ukiwa wa baridi kupita kiasi hausemi kitu, unakuwa maji ya bei mbaya.

Naitwa Skola. Nimezaliwa Inyonga, kwa Wakonongo, na mama yangu alikuwa mpishi wa wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Rukwa, nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stesheni ya treni. Mwenyewe alikuwa Bwana Masanja, Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini mpaka Kibaoni, halafu akaamua kwamba mbali na ng'ombe anaweza kufuga na wageni. Yeye kinywaji chake kilikuwa maziwa na chai. Lakini alikuwa ameona mahali kwamba nyumba ya maana ina mvinyo mezani, na Bwana Masanja hakutaka nyumba isiyo ya maana.

Ndipo akamtafuta Mzee Kasiano. Huyu alikuwa Mfipa, mwembamba, mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate. Alianza ujana wake kwa kuhudumia meza ya mapadri, akaenda kufanya kazi hotelini Tabora, akarudi na kizibuo chake mwenyewe mfukoni. Bwana Masanja alikuwa akimtambulisha kwa wageni wote, hata wale waliokuja kuomba maji tu: "Huyu ndiye mtaalamu wangu."

Mzee alinifundisha mvinyo kwa vitu vya sokoni, kwa sababu vitabu vyake vilikuwa kwa Kifaransa na sote wawili hatukukijua. Siku ya kwanza alinipa mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari, nionje. Nikakunja uso wote.

"Umechacha huu," nikasema.

"Haujachacha. Hiyo inaitwa ukakasi. Ulishawahi kutafuna ganda la ndizi mbichi?"

"Ndiyo."

"Basi ni huo. Sasa kula hii." Akanipa kipande cha mbavu ya ng'ombe kilichochomwa, mafuta yanachuruzika. "Kunywa tena."

Nikanywa tena. Jamani, ulikuwa mvinyo mwingine! Ule ukakasi ulikuwa umekutana na mafuta, ukayasafisha mdomoni, na wenyewe ukalainika. Nilicheka kama mtu aliyeonyeshwa kiini macho. Tangu hapo mwekundu mkavu nimeupeleka kwenye nyama ya kuchoma, kwenye mchuzi mzito wa mbuzi, na kwenye uyoga wa porini unaotoka mvua zikianza, ukikaangwa na kitunguu mpaka uwe wa kahawia. Uyoga huo ni chakula cha kifalme, na nyie mnawaletea wageni chipsi!

Mweupe mkavu ni wa samaki. Migebuka kutoka Karema ikikaangwa ikakauka vizuri, mahali ambapo ungekamua ndimu, hapo ndipo mweupe unapoingia. Kazi yake ni ya ndimu. Kwa hiyo ukiweka na ndimu nyingi na mweupe mkavu, umewalipa mafundi wawili kwa mlango mmoja. Kuhe wa kuchemsha, dagaa wabichi wa kukaanga, vilevile. Niliwahi kukosea nikampa mgeni mwekundu wenye ukakasi kwa dagaa, na yule bwana, afisa misitu mpole, akaniambia anasikia kama anaramba msumari. Mjaribu wenyewe nyumbani muone, ila siyo mbele ya mgeni.

Mvinyo mtamu watu wa mjini wanaudharau, wanasema ni wa wasiojua. Wao ndio hawajui. Mtamu ni wa chakula chenye pilipili, kwa sababu mkavu ukikutana na pilipili unaupuliza moto. Ni wa kisamvu cha karanga pia, na wa kitu chochote kitamu. Sheria ya Mzee ilikuwa moja: mvinyo usizidiwe utamu na sahani. Mwekee mtu asali ya Inyonga na mkate, halafu mpe mweupe mkavu, atadhani umemwekea siki. Na ule wa rangi ya waridi, usioeleweka ni mwekundu au mweupe, ndio rafiki wa kuku wa kienyeji na wali wa Mpimbwe. Ukishindwa kabisa kuamua, toa huo.

Wenye mapovu sitausemea sana. Ulifika mmoja tu, kwa treni, umetikiswa kutoka Tabora mpaka Mpanda, na mimi nikautoa ile kofia yake ya waya nikiwa nimeuelekeza juu. Kizibo kilitoboa dari la jipsamu jipya la Bwana Masanja. Tobo hilo lilikaa miaka, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni panya.

Sasa nije kwenye jambo la kuonja, maana hapa ndipo maisha yangu ya kazi yalipogeukia.

Mzee alinifundisha kwamba ukifungua chupa, unammiminia aliyeagiza kidogo, vidole viwili, unasubiri aonje, akikubali ndiyo unawamiminia wengine. Nikaishika sheria hiyo kama katekisimu. Mtu wa kwanza niliyemfanyia alikuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kibaoni, Mpimbwe, mtu mzima mwenye heshima zake. Nikamimina vidole viwili, nikasimama. Akaitazama glasi, akanitazama mimi.

"Mbona umeniwekea kidogo hivi?"

"Ili uonje kwanza, mzee."

Akaisukuma glasi mpaka katikati ya meza. "Nionje mimi? We binti, kwenu hamkufundishwa? Mwenye kutoa ndiye anaonja! Au humu ndani mmeweka nini?"

Nikataka ardhi ipasuke. Kwani sikujua? Mama yangu hakuwahi kumpa mtu kata ya wanzuki bila yeye kupiga funda mbele yake, ili mgeni anywe kwa amani. Nilikuwa nimeyaacha ya kwetu mlangoni kwa sababu nilivaa aproni nyeupe. Nikaichukua ile glasi, nikanywa, nikamwomba radhi kwa kupiga goti, naye akacheka akaagiza chupa ya pili. Baada ya hapo Mzee Kasiano aliamua kwamba wenyeji nitawaonjea mimi, na wageni wa mbali wataonja wenyewe. Nyie mlioko kazini leo, msimsomee kila mtu sheria ya kitabu. Mtazameni mtu aliyekaa mbele yenu.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, Mzee Kasiano akashikwa na mafua makali. Alilala wiki tatu. Aliporudi alikuwa amekonda zaidi, lakini suruali ilikuwa imenyooshwa vilevile, tukafurahi. Siku chache baadaye naingia jikoni mchana, nakuta moshi. Sufuria ya maharage inaungua, harufu imejaa mpaka uani, na Mzee amekaa hapo hapo, kiti kiko hatua moja na jiko, anasoma kibandiko cha chupa. Ametulia.

"Mzee! Maharage!"

Akaruka. Akaangalia sufuria, akaniangalia, na nikaona uso wake ukisawijika. Hakuwa amesikia harufu yoyote.

"Funga mlango, Skola," akasema. Nikafunga. "Pua imekufa. Ulimi bado unajua chumvi, unajua sukari, unajua ukali. Zaidi ya hapo hakuna. Kahawa ni maji ya moto. Mvinyo ni maji machungu. Nimengoja irudi, hairudi."

Nikamwambia tumweleze bosi, labda kuna dawa. Akatikisa kichwa.

"Nimeshika kizibuo tangu sijaota ndevu. Sijui kulima, sijui kuvua, sijui kufuga. Masanja ananiita mtaalamu wake. Siku akijua mtaalamu hana pua, atanipakia kwenye lori la Sumbawanga na asante nyingi. Nitakaa kwa mwanangu barazani, niulizwe kama nimekula. Usimwambie mtu, mwanangu."

Nikamwahidi. Tulichofanya ni kuichukua ile desturi ya kwetu na kuifanya sheria ya nyumba. Kila chupa, mgeni awe wa Kasokola au wa Ulaya, Skola anaonja kwanza. Wazungu waliokuja kuona tembo walifurahia mno, wakapiga picha. Bwana Masanja akasema ndiyo adabu. Kumbe mimi nilikuwa pua ya Mzee. Nikishaonja napita karibu yake na kumnong'oneza: huu una limao, huu una papai lililoiva sana, huu umeharibika, upeleke jikoni. Naye, kwa kichwa kile kilichojaa miaka yote ile, anajua papo hapo ni wa chakula gani. Kazi ikaenda. Ila ndani yangu nilikuwa na hofu ya kila siku, kwa sababu kuna siku ningeumwa, au ningechelewa, na mzee huyu angeumbuka peke yake.

Siku yenyewe ilikuja kwa furaha. Binti ya Bwana Masanja aliposwa na kijana wa Karema, na wakwe wakaalikwa chakula cha mchana. Baba wa kijana alikuwa Mzee Alfonsi, mfanyabiashara wa samaki, mwenye tumbo na sauti, aliyekuwa mtu wa parokia kwa miaka mingi na anayejua divai. Bwana Masanja alitaka kila kitu: ng'ombe mzima wa kuchoma kwa upande wake, kuhe na migebuka kwa heshima ya wakwe, na mvinyo mwekundu na mweupe uliokuja kwa treni. Wageni walipokaa, akasimama.

"Kwa mila, mwenye nyumba ndiye anaonja. Mimi situmii waini. Ataonja mtaalamu wangu badala yangu. Leo Skola apumzike."

Nikamwona Mzee akinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeshika sinia la mbavu, mbali. Hakuwa na la kufanya. Akazibua mwekundu, akamimina, akazungusha glasi vizuri sana, akainusa kwa ile pua isiyonusa, akanywa.

"Safi," akasema.

Akamimina kwa Mzee Alfonsi. Mimi nikawa nimefika mezani, na harufu ikanifikia kabla sinia halijatua. Kizibo kilikuwa kimeoza. Nawaambia ili mjue: mvinyo wa namna hiyo hauna ukali wa siki, ulimi unaweza usijue kitu. Unanuka. Unanuka gunia la mahindi lililonyeshewa likafungiwa stoo. Mzee Alfonsi alikuwa ameshainua glasi, imefika kidevuni.

Nilitua sinia na kumpokonya. Ndiyo, mkwe, mbele ya watu, glasi mkononi mwake. Nikanywa funda moja, nikasema kwa sauti kubwa, "Samahani sana baba. Hii ni chupa ya kulowekea nyama. Nimekosea mimi kuileta mezani."

Akina mama wa upande wa wakwe wakashika midomo. Bwana Masanja hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniogopesha, maana alikuwa mtu wa kelele.

"We mayu," akasema taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma chake, "vua aproni. Uende kwenu."

Nikaenda jikoni. Nililia, sitadanganya. Nilikuwa na watoto wawili na ile kazi niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu. Lakini nilikuwa nafungua fundo la aproni huku najiambia, angalau Mzee amepona. Ndipo nikamsikia.

"Bosi. Skola hajakosea. Chupa niliichagua mimi, nikaizibua mimi, nikaionja mimi. Pua yangu haifanyi kazi tangu mwezi wa sita. Yeye ndiye amekuwa akininusia. Anayestahili kwenda kwao ni mimi."

Nikatoka jikoni bila kujua nimetoka. Mzee Kasiano alikuwa amesimama amenyooka, kitambaa kwenye mkono, kizibuo amekiweka mezani mbele ya Bwana Masanja kama askari anayerudisha bunduki.

Bwana Masanja akakitazama kizibuo. "Tangu mwezi wa sita?"

"Ndiyo, bosi."

"Kumbe! Na yale maharage ya moshi niliyokuwa nakula nikidhani ndiyo mapishi ya mapadri?"

Mzee Alfonsi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, mimi harufu niliisikia!" akasema. "Nilikuwa nainywa hivyo hivyo kwa adabu, nimeshapanga kusema ni tamu. Huyu dada ameniokoa!" Basi meza nzima ikaenda, Karema na Kibaoni pamoja, na wale akina mama waliokuwa wameshika midomo wakaiachia.

Bwana Masanja alingoja wanyamaze. Hakuwa amecheka, alikuwa bado anafikiri. "Kule Kibaoni nina fahali," akasema. "Macho yote mawili yamekufa. Walinishauri nichinje, nikakataa, kwa sababu njia ya mtoni anaijua yeye kuliko wote. Mpaka leo anatangulia kundi, na ndama mmoja mwenye macho anatembea ubavuni kwake." Akakichukua kizibuo, akakirudisha kwenye mkono wa Mzee Kasiano, akamfumba vidole. "Zibua nyingine, mtaalamu. Na wewe ndama, funga aproni yako."

Hivyo ndivyo nilivyofanywa ndama mbele ya ukoo mzima, na sijawahi kupewa cheo kilichonipendeza zaidi.

Mzee akazibua chupa nyingine. Safari hii hakukuwa na cha kunong'ona, maana siri ilikuwa imeisha, wote wanatutazama. Akajimiminia kidogo na mimi kidogo. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya Skola. Niambie kuna nini."

Nikaona aibu. Miezi yote nilikuwa nasema maneno mawili matatu ya haraka ili kazi iende: limao, papai, jikoni. Sikuwahi kufikiria kwamba kwa mtu huyu, ninachokisema ndicho atakachokunywa. Nikanusa, nikachukua muda wangu.

"Mzee, kuna zambarau. Siyo za mtini, ni zile zilizoanguka jana zikalala kwenye majani. Nyuma yake kuna vumbi, lile linalonuka tone la kwanza la mvua likipiga barabara. Kuna na moshi, mdogo sana, kama wa mtu anayerina asali mbali na wewe. Ukakasi upo, lakini umekaa chini, unangoja nyama."

Akanywa. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Bwana Masanja akaacha kutafuna.

"Nimeipata," akasema.

Kama aliipata kweli au alinionea huruma, sijui, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja baadaye sikumuuliza. Ila tangu mchana ule mpaka nilipostaafu, na yeye akiwa ameshatutoka zamani, sikuweka glasi mbele ya mtu bila kwanza kutafuta maneno ambayo Mzee Kasiano angeweza kuyanywa.